Chokaa, Mati au Silki? Kabla Hujapaka Chumba Mwenyewe Lamu

Shaabani ikiingia, Lamu nzima hushikwa na homa ya rangi. Punda wanaopanda kutoka gatini hubeba ndoo za lita 20, na katika kila duka la vifaa yupo mtu anayeuliza swali lile lile: "Ipi nzuri?" Muuzaji hujibu kwa kuonyesha iliyo ghali.

Nimepaka vyumba viwili kwa mkono wangu: msana (ukumbi mrefu na mwembamba) wa shangazi yangu mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe ya kale, na sebule yangu mtaa wa Wiyoni, nyumba ya matofali ya saruji. Sebule ilitoka vizuri mara ya kwanza. Msana niliukwangua wote na kuanza upya. Brashi zilikuwa zile zile na mpakaji ni yule yule. Nilichokosa ni kuuangalia ukuta kabla ya kwenda dukani, na ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na makopo.

Ukuta wa kale na ukuta wa tofali

Nyumba ya kale ya Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo wa chokaa, juu yake lipu ya chokaa. Ukuta una unene wa karibu nusu mita na hauna kizuizi cha maji chini yake. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, kisha hutokea usoni mwa ukuta na kukauka. Hali hiyo imekuwepo tangu nyumba ilipojengwa na haijaiangusha, kwa sababu chokaa huuacha unyevu upite. Nyumba ya tofali ina plasta ya saruji, ngumu na nyembamba zaidi, na ikiwa imejengwa vizuri unyevu wake mwingi ni ule wa plasta mbichi ambao huisha wenyewe.

Zipo nyumba za mchanganyiko pia, nyingi tu. Ukuta wa kale uliozibwa kwa saruji miaka ya karibuni huwa na tabia za pande zote mbili, na huo ndio unaosumbua kuliko wote.

Pima kabla ya kununua. Pitisha kiganja ukutani: kikirudi na unga mweupe, hapo pana chokaa au rangi iliyochoka. Nyunyiza maji: yakinywewa mara moja, ukuta una kiu na bado uko wazi, yakiteleza, umeshavikwa rangi ya plastiki, yaani rangi ya maji ya kopo. Kisha kata kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike kwa tepu pande zote nne, karibu na sakafu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani kwenyewe. Ukikuta upande wa nje ndio wenye majimaji, hiyo ni hewa ya pwani tu.

Mimi sikupima. Niliona msana umefifia, nikataka ung'ae kwa ajili ya harusi ya binti wa shangazi, nikanunua silki nyeupe, rangi ya maji yenye mng'ao. Kwa wiki sita ulikuwa mzuri kweli. Masika ilipokolea, ukuta ukaanza kuvimba malengelenge, makubwa kama visahani vya kahawa, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nilipotoboa moja likamwaga maji na chumvi nyeupe laini kama unga wa sima. Shangazi alitazama kwa utulivu, akauliza, "Mwanangu, hii nyumba umeivika koti la mvua la nini?"

Chokaa dhidi ya rangi ya maji

Kwa ukuta wa kale ambao bado una lipu ya chokaa, jibu langu halina mzunguko: paka chokaa. Si kwa sababu ya urithi, ingawa Mji wa Kale umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na watu wa makumbusho watakushukuru. Ni kwa sababu ndiyo kazi itakayobaki safi mwaka ukizunguka. Rangi ya maji juu ya ukuta wenye unyevu inaweza kupakwa kwa ustadi wote na bado ikabanduka. Mstari wako ulionyooka utaanguka pamoja nayo.

Lakini chokaa ina masharti yake, na anayetoka kwenye kopo hushangaa. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, hulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa kwa kitambaa chepesi ili isiache chembe, na hupakwa ikiwa nyepesi kama maziwa. Ukuta lazima uloweshwe kwanza. Ukipaka juu ya ukuta mkavu, maji hunyonywa kabla chokaa haijashika, na kesho yake inatoka kwa kiganja kama poda ya mtoto. Chokaa haikauki kama rangi. Hugeuka kuwa jiwe taratibu kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kwa kazi hiyo inahitaji unyevu kidogo. Kwa hiyo funga madirisha ya upande wa jua.

Jambo litakalokutia wasiwasi ni kwamba ikiwa bichi haionekani. Unapaka, unatazama, unaona ukuta ule ule wa zamani na mawimbi ya kijivu. Mkono unawasha kuongeza. Usiongeze. Weupe hutokea inapokauka, na anayeongeza unene anapata nyufa ndogo ndogo kama tope la mtoni lililokauka. Mikono mitatu myembamba, yaani kupaka mara tatu, kila mmoja na siku yake, hushinda mmoja mzito.

Rangi ya maji ina raha yake: unaiona unapopaka, unajua ulipofika, na rangi uliyochagua kwenye kadi inatoka karibu ile ile. Chokaa ni nyeupe, au nyeupe yenye kivuli cha manjano au wekundu ukitia unga wa rangi ya udongo unaostahimili chokaa, na huwezi kuurudia mchanganyiko ule ule kwa uhakika. Kama unataka ukuta wa kijani cha bahari, chokaa haikufai.

Kisha kuna suala la nguo. Ukiegemea ukuta wa chokaa kwa kanzu nyeupe hakuna atakayejua, lakini kwa buibui utatoka na mgongo wa mwokaji mikate. Watu wengi hutatua hilo kwa kupaka mita moja ya chini rangi ya mafuta ili ioshwe. Tafadhali usifanye hivyo kwenye ukuta wa mawe. Hapo chini ndipo unyevu unapotokea. Ukipaziba, unapanda juu zaidi na kuibukia juu ya mstari wako wa mafuta, na sasa una doa mahali ambapo hapakuwa nalo. Bora mkeka wa ukutani, au kuvumilia.

Na usalama: chokaa inaunguza. Tone moja likiingia jichoni ni jambo la kukimbilia maji mengi kisha hospitali. Nunua miwani ya kazi, na glavu za mpira. Hili halina mjadala, hata kama fundi wa jirani anapaka peku akiimba.

Kuhusu maji ya kuchanganyia, kuna kichekesho. Wazee hutia chumvi kidogo kwenye chokaa, na inasaidia, maana chumvi hushika unyevu na chokaa ikapata muda wa kukomaa. Lakini maji ya kisima cha mjini yenye chumvi ukiyatia kwenye rangi ya kopo unaiharibu: inaweza kuganda vibaya, na chumvi itachanua ukutani baadaye. Kwa rangi ya maji tumia maji matamu yale ya kunywa, kama yanayotoka visima vya Shela kwenye machuguu ya mchanga.

Mwisho wa habari ya chokaa: haishiki juu ya plastiki. Mimi baada ya ile silki ilinibidi nikwangue msana wote kwa skrepa na brashi ya waya, siku nne, nikaacha ukuta ukauke miezi mitatu, nikaparuza chumvi kila ilipochanua bila kuiosha kwa maji. Kuiosha ni kuirudisha ndani.

Mati dhidi ya silki

Hapa tuko Wiyoni, kwenye tofali na plasta ya saruji. Chokaa hapa haina kazi kubwa. Rangi ya maji inatosha, na uchaguzi ni kati ya mati isiyong'aa na silki yenye mng'ao.

Sebuleni nilijaribu zote mbili. Kuta tatu mati, moja silki, ile yenye televisheni. Asubuhi huoni tofauti. Saa kumi jioni jua likiingia kwa ubavu kupitia dirishani, ukuta wa silki unageuka ramani: kila alama ya mwiko wa fundi aliyepiga plasta, kila mahali niliponyanyua rola, kila kiraka. Kuta za mati zina dosari zile zile, lakini mwanga unazamia humo na jicho halizioni.

Kwa mpakaji wa mara ya kwanza tofauti hii ni kubwa kuliko bei. Mati inasamehe. Hata kurekebisha: doa la mati ulilopaka juu kwa brashi ndogo baada ya mwezi linajificha, la silki linang'aa tofauti na kukusaliti, na inabidi upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

Silki inashinda kwa kitu kimoja, na si kidogo ukiwa na watoto: inafutika. Mkono wenye mchuzi wa nazi kwenye mati unabaki kumbukumbu, maana ukisugua unaacha baka linalong'aa. Kwa hiyo jikoni na ujia, silki, lakini baada ya kuskimu ukuta, yaani kuupaka wote safu nyembamba ya kuusawazisha, na kuupiga msasa. Vyumba vya kulala, sebule na dari, mati. Dari hasa, dari ya silki kwenye nyumba yenye taa ya katikati ni adhabu.

Rangi ya mafuta nitaipitia haraka. Ni ya milango, fremu na grili. Ukutani, kwenye chumba chenye giza, nyeupe yake hugeuka njano, na juu ya plasta mbichi ya saruji inaliwa na alkali mpaka inakuwa ya kunata. Na ule mlango wa nakshi wa nyumba ya shangazi usiuguse kwa kopo lolote.

| | Mikono | Kusubiri kati ya mikono | Kusafisha brashi | Kuoshwa baadaye |
|---|---|---|---|---|
| Chokaa | 3 hadi 5 | siku 1 | maji | haioshwi, inapakwa tena |
| Mati | 2 | saa 4 au zaidi | maji na sabuni | kufutwa kwa upole |
| Silki | 2, wakati mwingine 3 | saa 4 hadi 6 | maji na sabuni | ndiyo |
| Mafuta | 2 juu ya andakoti (rangi ya msingi) | saa 16 hadi 24 | tapentaini | ndiyo, hata kusuguliwa |

Saa hizo za kopo ni za hewa kavu. Huku kwetu, siku ya mawingu, mimi hungoja karibu mara mbili. Mkono wa pili ukipakwa mapema huuinua wa kwanza, na rola inarudi na ngozi.

Kama plasta yako ni mpya, subiri wiki nne kabla ya lolote, na mkono wa kwanza uongeze maji kidogo, kiasi cha sehemu moja kwa kumi, ili uingie ndani badala ya kukaa juu.

Kuskimu ukuta wote au kuziba mashimo tu

Fundi atakwambia skimu wote. Ana haki, na pia analipwa kwa mita. Ukichagua mati, ziba mashimo na nyufa, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, inatosha. Ukichagua silki, hakuna njia ya mkato.

Kosa la kawaida ni kiraka. Filla, ile dawa ya kuzibia mashimo, hunywa rangi kuliko plasta inayoizunguka, na hata baada ya mikono miwili inaonekana kama baka lisilo na uhai. Gusa kila kiraka kwa rangi iliyopunguzwa maji, acha ikauke, ndipo upake ukuta. Dakika kumi za kazi. Na kama unaparuza rangi ya mafuta ya miaka mingi, lowesha msasa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa, hasa na watoto.

Brashi au rola

Chokaa ni brashi, pana, ya nywele ngumu. Rola hairushi chokaa ukutani, inairusha usoni. Zidaka, yale mashubaka ya nakshi ukutani, pia ni brashi, ndogo, karibu kavu: kila mkono mzito huziba nakshi, na nimeona zidaka za kupendeza zilizogeuka mashimo laini kwa sababu ya miaka ya rangi ya kopo.

Ukuta wa tofali ni rola, na brashi ya inchi mbili kwa kingo. Hapa shilingi chache zina maana. Rola ya sponji ya bei rahisi huacha mapovu yanayokauka yakiwa vishimo. Nunua ya manyoya mafupi, ioshe kabla ya kuitumia ili itoe manyoya yaliyolegea, ikauke. Brashi vivyo hivyo: vuta nywele zake dukani, zikitoka tatu mkononi, zitatoka thelathini ukutani.

Paka kingo za ukuta mmoja, kisha rola kwenye ukuta huo huo kingo zikiwa mbichi. Ukizunguka chumba kizima kwa brashi kwanza, kingo zitakauka na utabaki na fremu ya rangi nzito kuzunguka kila ukuta, kama picha ya studio. Usisimame katikati ya ukuta kwa chai. Simu iite.

Tepu au mkono huru

Hapa wengi watatofautiana nami. Naona tepu ya karatasi inasifiwa kupita kiasi, Lamu hasa.

Kwenye ukuta wa chokaa haifai kabisa. Ukiivuta inang'oka na ukuta. Kwenye ukuta wenye chembe, rangi hupenya chini yake na mstari unatoka na meno. Na katika joto la kaskazi, gundi ya tepu iliyoachwa siku mbili huyeyuka na kubaki kwenye fremu. Nilitumia asubuhi nzima kuisugua kwa tapentaini.

Inapofaa ni kwenye mbao laini, vigae, na pale rangi mbili zinapokutana kwenye ukuta laini. Ukiitumia, ikandamize kwa ukucha, kisha paka ukingo wake kwa rangi ile ya chini iliyoko tayari. Hiyo ndiyo itakayopenya na kuziba nafasi, na rangi mpya itakosa njia. Ivute rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiikunja kurudi nyuma, polepole.

Mkono huru unahitaji mazoezi ya ukuta mmoja tu. Chovya theluthi ya nywele za brashi, gonga pembeni mwa kopo badala ya kuifuta, anza kidogo mbali na mstari, kisha sogea ukiubana ukingo wa brashi mpaka nywele zijipange. Vuta pumzi, tembea nao mstari mrefu kuliko unavyothubutu. Mistari mifupi mifupi ndiyo inayotetemeka. Anzia nyuma ya mlango ambako hakuna atakayetazama. Ukifika kwenye dirisha mkono umeshajua.

Swichi na soketi usizizungushie tepu. Zima umeme kwenye meni (swichi kuu), legeza skrubu, paka nyuma ya kifuniko, rudisha rangi ikishakauka.

Kiasi, na msimu

Sebule yangu ni mita 3.5 kwa 4, kimo mita 2.8. Mzunguko mita 15, mara 2.8, ni mita za mraba 42; toa mlango na madirisha mawili, inabaki 36 na ushei. Lita moja ya mati hufunika karibu mita za mraba 10 kwenye ukuta laini. Kuta zote nne zikiwa mati, mikono miwili ni lita 7 na kitu, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4. Kinachobaki kiweke kwenye chupa ya kioo iliyoandikwa tarehe. Yamimine makopo yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Hata namba ikiwa moja, kopo na kopo huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itatokea katikati ya ukuta.

Nyumba za kale zinadanganya. Chumba kinaonekana chembamba kwa sababu upana wake umepimwa na urefu wa boriti, si zaidi sana ya mita mbili na nusu, lakini ni kirefu na dari iko juu. Kimo cha mita 3.5 kwa chumba cha mita 2.5 kwa 6 kinakupa karibu mita za mraba 60 za ukuta. Hapo ndipo ninapomwita fundi, kwa ngazi ndefu na kwa kufuta kati ya boriti na boriti.

Rangi ya kopo hupenda kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa kavu zaidi, mradi ufunge madirisha upepo ukileta mchanga. Chokaa hupenda baada ya masika kuisha, kusi ikiwa ya baridi na ukuta haukauki kwa pupa. Shaabani haijali lolote kati ya hayo, huzunguka na mwezi wake, na ikiangukia katikati ya mvua mimi husafisha madirisha, nikapaka mlango wa nje, ukuta nikauacha.

Msana wa shangazi sasa una chokaa mikono minne. Kuna baka moja karibu na mlango wa kiwanda (ua wa ndani wa nyumba), chumvi huchanua pale kila mwaka. Mwenyewe hulifagia kwa ufagio wa njukuti, akachovya brashi kwenye ndoo ndogo aliyoiweka chini ya ngazi, akapitisha mara mbili, akarudi jikoni.